Shibiri Mbili za Mkwe Wangu

Wageni wangu wengi walikuwa hawajui kutazama maji, na mimi kwa tabia yangu jambo hilo lilikuwa linanichemsha damu. Mtu anaendesha gari kutoka Dallas, saa nne na zaidi barabarani, anashuka na kofia mpya na shati lenye mifuko ambayo hata yeye hajui ni ya nini, anasimama mbele kwenye boti, kisha ananiuliza samaki wako wapi. Wako mbele yako, bwana. Redi watatu, rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu, wameinamisha vichwa wanatafuta kaa kwenye maji yasiyofika gotini, mikia yao iko nje inapepea, na wewe unatazama simu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpaka mwaka jana. Sasa nabeba maboksi. Nataka kueleza nilivyoipoteza, kwa sababu huku Alief, mtaa wetu wa Houston, linasemwa neno jingine kabisa. Inasemwa kwamba nilikamatwa nikiiba samaki. Mtu anayenijua, aliyekula kwangu, amekaa kwenye kiti cha kinyozi akasema nimeiba samaki baharini, na watu wamecheka. Kwanza, samaki wa baharini anaibiwa vipi? Pili, nisikilizeni.

Nilikuwa nawaongoza wavuvi wa starehe nyuma ya kisiwa cha Galveston, pale bahari inapoingia kwenye nyasi na kugawanyika vijito vijito, maji ya kina kifupi kiasi kwamba ukianguka utalowa tope kabla ya kulowa maji. Tulitafuta samaki wa aina mbili. Redi, mwenye doa jeusi mkiani mfano wa kifungo, na trauti, mwenye madoadoa mgongoni na mdomo laini unaochanika ukimvuta kwa pupa. Injini nazima mbali, napanda kijukwaa cha nyuma, nasukuma boti kwa pondo, ule mti mrefu unaofika chini. Pondo la huku ni la kiwandani, jepesi, linang'aa, lakini kazi ni ile ile niliyofundishwa na mjomba wangu kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa: sukuma bila kugonga, inua bila kuchuruza. Mgeni akipata samaki, amepata yeye. Akikosa, nimemkosesha mimi.

Watu wa kwetu nao walikuwa na yao. Kila harusi lazima atokee mmoja aniulize, "Bado uko na kile kiboti?" kwa sauti ile ya kuulizia ugonjwa. Mke wangu ni nesi. Shemeji yangu, kaka yake, yuko Richardson, kule Dallas, kwenye ofisi ya kompyuta. Mimi ndiye nilikuwa mpiga pondo wa ukoo, na nilichoka kueleza kwamba kazi hiyo niliifanyia mtihani, kwamba leseni yangu ina muhuri, na kwamba kabla yake nilibeba maboksi miaka sita kwenye ghala moja Grand Prairie, kule kule Dallas, ndani ya jengo lisilo na dirisha hata moja. Enzi hizo hakuna aliyeniuliza harusini kama bado niko na yale maboksi. Maboksi yalikuwa na heshima yake.

Tulihamia Houston mke wangu alipopata kazi hospitali, nami nikaanza kuosha boti za bwana mmoja mwenye boti tano na wateja wa kutosha. Siku moja aliniona nikiivusha boti kwa pondo kutoka upande huu wa gati hadi ule. Akatazama nyuma ya boti aone kama maji yametikisika, kisha akaniuliza nilijifunzia wapi. Baada ya miaka miwili nilikuwa naongoza wageni wake. Bwana huyu alikuwa na sharti moja, na alilitamka siku ya kwanza akiwa bado ameushika mkono wangu: samaki asiyefika kipimo akikutwa na askari kwenye boti yake, awe wa nani, awe ameingiaje, unarudisha funguo siku hiyo hiyo. Nilishamwona akimwondoa mtu waliyefanya naye kazi miaka mingi, kwa samaki mmoja, bila kupandisha sauti.

Kwa hiyo vipimo nilivijua kuliko nambari yangu ya simu. Trauti ni lazima afike inchi kumi na tano. Rula ilikuwa imebandikwa juu ya sanduku la barafu, ndefu, ya njano na nyeusi, hata mlevi angeiona. Katika miaka yote ile sikuwahi kuandikiwa karatasi ya faini hata moja.

Sasa mkwe wangu.

Baba wa mke wangu alikuja Marekani kututembelea, mara yake ya kwanza. Alikuwa fundi cherehani Mombasa, fundi wa kanzu hasa, mtu mfupi, mkavu, msafi kupita kiasi, anayezungumza polepole ili usije ukasema hukusikia. Sifa yake moja aliirudia kila alipopata wa kumsikiliza: hakuwahi kutumia utepe. Miaka hamsini alimpima mtu kwa jicho akajua ni shibiri ngapi, kisha akakata kitambaa kwa shibiri yake, yaani kiganja kikiwa kimetanuliwa, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Alikuwa akisema utepe ni wa mafundi wanaojifunza.

Alikaa kwanza Richardson wiki mbili kwa mwanawe, ndipo akaja kwetu Alief, na alipokuja hakuja peke yake. Alikuja na Mwenzio. Mwenzio ana kiti kinachozunguka. Mwenzio anafanya kazi na kahawa iko pale pale, hainunuliwi. Mwenzio bosi wake anamwita kwa jina. Kila asubuhi nilikunywa chai na Mwenzio, nikala mahamri na Mwenzio, mpaka nikawa namchukia shemeji yangu bure, mtu mwema kabisa ambaye hajanikosea lolote.

Halafu asubuhi moja mzee akaweka kikombe chini akasema, "Hebu nami nikaione hiyo kazi yako ya kusukuma."

Kusukuma. Niliinuka nikaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Mke wangu alinifuata jikoni, bado amevaa nguo za hospitali. "Mpeleke," akaninong'oneza. "Mpeleke tu, please, afurahi. Na usi-argue naye. Yeye ni mzee, chochote atakachosema, we m-agree."

Nikamwomba mwenye boti Jumanne moja ambayo haikuwa na mgeni, akanipa boti bila kuuliza sana. Nikamkatia mzee leseni ya kuvua kama sheria inavyotaka. Asubuhi tukateremka, yeye mbele kwenye gari langu amevaa kofia yake ya kazi ya mkono na koti, mapajani amepakata kikapu cha ukindu alichotoka nacho kwao. Nilimwambia samaki tutaweka kwenye sanduku la barafu. Akalinusa lile sanduku, akasema samaki wake yeye hawalali kwenye plastiki.

Maji yalikuwa mazuri siku ile. Nilizima injini, nikapanda kijukwaani, nikashika pondo. Yeye alikuwa mbele, kwenye omo, amesimama wima na ile fimbo ya kuvulia aliyoijua kwa nusu saa tu ya mazoezi uani kwangu. Na lazima niseme kweli, alikuwa na mkono. Mtu aliyeshika sindano maisha yake yote anajua kitu kidogo kinataka kwenda wapi.

Huku samaki huonyeshwa kwa saa. Boti nzima unaifanya uso wa saa, omo ndiyo kumi na mbili. Ukimwona samaki mkono wa kulia unaita kwa Kiingereza tatu, na mgeni anageuka kulia. Nimeita hivyo siku nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Basi akatokea redi mmoja mkubwa, peke yake, upande wa kulia, anatambaa taratibu tumbo likigusa mchanga, na mimi kwa furaha nikaita kwa lugha yetu:

"Baba, saa tatu! Saa tatu hapo, karibu!"

Mzee akageuka kushoto. Aligeuka upesi, bila kutikisa boti, akarusha mshipi mzuri sana, ulionyooka, ukatua bila sauti kwenye maji matupu. Redi akapita kulia kwetu, akatuona, akaacha wingu la tope.

"Saa tatu, baba! Nimesema saa tatu!"

"Na mimi nimetupa saa tatu." Akainua mkono wenye saa yake, akaweka kidole juu ya tisa. "Saa tatu, mshale mdogo uko wapi? Si hapa? Au kwenu saa tatu iko wapi?"

Alikuwa sawa. Mswahili yeyote, akiambiwa saa tatu, mshale wake unakaa kwenye tisa. Nilikuwa nimechukua nambari ya Wamarekani nikaivika neno letu, saa yenyewe nikaisahau. Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu ni mimi niliyekosea. Nikajisemea: leo mwisho wa kutafsiri. Leo kila kitu kitakwenda kwa kipimo chake yeye, siyo changu.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo langu mwenyewe.

Tuliingia kwenye mkondo mmoja ambako trauti hukaa jua likipanda, na akampata wa kwanza karibu mara moja. Nikaweka pondo chini nishuke nimsaidie kumtoa ndoana. "Niache," akasema, "mimi si mgonjwa." Akamtoa mwenyewe kwa kitambaa, kwa upole, akamshika hewani. "Huyu wa kuchukuliwa ni kiasi gani?"

Nikaitazama ile rula ya njano. Nikamtazama mtu aliyepima mabega ya masheikh na maharusi bila utepe. Nimwambie amlete samaki wake hapa nyuma, nimlaze kwenye mistari ya inchi, niiname nimkague mkwe wangu kama ninavyowakagua wale wenye mashati ya mifuko? Ulimi ulikataa.

"Shibiri mbili, baba," nikasema. "Asiyefika shibiri mbili, mrudishe."

Na nilijiona mjanja. Shibiri yangu mimi ni inchi tisa, nimeshaipima. Mbili ni kumi na nane. Sheria inataka kumi na tano, kwa hiyo nilimwekea inchi tatu za akiba. Hata akipima kwa haraka, hata samaki akijikunja, tuko salama. Nikachukua pondo langu, nikarudi kazini nikiwa na moyo mweupe.

Mzee alivua asubuhi nzima kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo mezani kwangu. Kila samaki alinipa mgongo, akamlaza kwenye paja, akampima kwa kiganja. Wengine aliwarudisha. "Huyu hajafika," alisema, na kumteremsha majini taratibu. Niliyasikia maneno hayo mara nne au tano, na kila mara niliridhika. Wa kwanza akaingia kikapuni, juu ya barafu aliyoifunga kwa taulo. Wa pili akaingia. Mwisho wa sheria ni watatu kwa mtu, na hilo nilikuwa nimeshamwambia.

Wa tatu nilimwona kwa ubavu wakati anainuliwa. Jicho langu limeona trauti maelfu. Likaniambia papo hapo: huyo hafiki.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Mzee akapima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamtia kikapuni, akafunika, akageuka kunitazama na uso wa mtu aliyemaliza kushona. Na mimi ningesemaje? Lete nione? Ningevuka boti nikafunue kikapu cha baba wa mke wangu nitie mkono ndani? Kuna watu wanaoweza. Mimi nililelewa kwamba mkwe hata ukimkuta amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, unamsifu kiatu.

"Mashallah, baba," nikasema. "Umepata."

Hiyo mashallah bado inanichoma.

Gatini alikuwepo askari wa samaki, mama wa makamo, mpole kiasi cha kuudhi. Alitusalimu, akaomba leseni, akaomba kuona tulichopata. Sanduku langu lilikuwa na barafu tupu. Mzee hakusubiri kuambiwa. Alifunua taulo kwa mikono miwili, kwa maringo, akamwonyesha samaki wake kama anamwonyesha kitambaa kilichoingia dukani leo.

Yule mama akawalaza mmoja mmoja juu ya rula yangu mwenyewe, kwenye boti niliyopewa kwa hisani. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne na nukta. Wote watatu sawasawa, utadhani wamekatwa kwa mkasi mmoja.

Sijui kama mnajua inavyokuwa damu ikipanda hadi masikioni. Niliamini pale pale kwamba mzee amenidanganya. Niliamini kwamba alipokuwa akinipa mgongo na kusema huyu hajafika, huyu hajafika, alikuwa ananichezea, kwa sababu mimi ni wa kusukuma tu. Kazi yangu ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu kwa samaki watatu ambao wasingetosha hata chakula cha mchana.

"Samaki hawa ni wa nani?" akauliza askari.

Njia ilikuwepo. Ningesema ni wa mzee, ni mgeni, hajui sheria za huku. Huenda angemwonya kwa mdomo tukaenda zetu, bila karatasi, na mwenye boti asijue kamwe. Lakini mzee alikuwa amesimama pale, na Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha, cha kushonea watalii. Angenisikia nikimtaja mbele ya askari. Nilikuwa nimemkasirikia kweli kweli, na bado mdomo ukasema peke yake, kwa Kiingereza:

"Mine."

Askari akanitazama muda. Mzee akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anauliza habari za safari, baba."

"Mbona ameshika samaki wangu? Na wewe umesema 'mine'. Nimekusikia. 'Mine' si wangu?" Akavuta pumzi, akajinyoosha koti. "Yaani unaniibia samaki wangu mbele ya serikali?"

"Baba, naomba..."

Akanipita. Akamwelekea yule mama, akajipiga kifua kwa kidole. "My fish," akasema. "I catch. Him, only push."

Yeye anasukuma tu. Alilisema kwa Kiingereza pia, ili na Marekani ijue.

Askari hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema sasa ana wenye samaki wawili kwa samaki watatu, na mmoja wao ana leseni ya kuongoza wavuvi, kwa hiyo ndiye aliyepaswa kujua. Akaniandikia mimi. Karatasi ilikuwa ndogo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Mzee alipoelewa kwamba kosa ni urefu, alipandwa. "Wanafika!" akasema. "Umeniambia shibiri mbili. Shibiri mbili hizi hapa!" Akamwinamia samaki pale pale kwenye rula, akatanua kiganja kutoka mdomoni. Moja. Akahamisha gumba. Mbili. Ncha ya mkia ilikuwa chini ya kidole chake cha mwisho, sawasawa kabisa.

Ndipo nikautazama ule mkono. Mwezi mzima ulikuwa mezani kwangu unachukua mahamri na sikuwahi kuutazama. Vidole vilikuwa vimejikunja kwenye viungo, kidole cha mwisho hakikunyooka hata kidogo, na gumba lilikuwa limerudi ndani. Bila kufikiri nikaweka mkono wangu kando ya wake, juu ya samaki yule yule. Moja. Ya pili ikapita mkia ikatua kwenye plastiki.

Mzee akautazama mkono wangu. Akautazama wake. Akaenda kwenye ubao wa gati akapima shibiri mbili mwenyewe, akaniita, akaomba niweke wangu pale pale alipopima. Nikaweka. Askari akajifanya ana shughuli na kalamu yake.

Hasira yangu ilikosa pa kwenda. Hakuwa amenidanganya hata kwa unene wa uzi. Nilimpa sheria, na yeye aliishika sheria hiyo asubuhi nzima kwa uaminifu, samaki baada ya samaki, pamoja na wale aliowarudisha ambao moyo wake ulikuwa unawataka.

Banda la mwenye boti lilikuwa mwendo wa dakika tano. Sikuwa mtu wa kusubiri asikie kwa mwingine. Nilimwambia mzee abaki garini, akakataa, akaingia nami akiwa ameshika kofia yake mkononi. Nilieleza kilichotokea kwa maneno machache nikaweka karatasi mezani. Mwenye boti aliisoma mara mbili.

"Mwambie," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "mwambie kosa si lako. Mwambie mkono wangu umepungua."

Nikatafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza. Mzee akauinua ule mkono ili mtu asiyemjua auone vizuri, akiugeuza huku na huku kama kitu cha kuuzwa. Sijawahi kuona jambo lililoniuma vile. Mwenye boti akavua kofia yake, akasema neno, kisha akanyoosha kiganja kuomba funguo.

"Amesemaje?"

"Amesema pole, baba."

"Pole ya nini?" mzee akasema. "Nimefiwa?"

Nikaweka funguo kwenye kile kiganja.

Tulipanda barabara ya kurudi mjini jua likiwa utosini, malori kushoto, malori kulia, kikapu kitupu kwenye mapaja yake, samaki wamebaki kwa askari. Sijui tulikuwa tumefika wapi niliposhindwa. Miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kumpandishia sauti mtu huyu.

"Lakini baba, hukuona?" nikasema, na nilikuwa napiga kelele. "Mkono wako mwenyewe! Unakula nao, unatia udhu nao, kila siku uko mbele ya macho yako! Hukuona?"

Nilitegemea anitukane. Hata ningefurahi. Foleni ikasimama.

"Mkono wa mtu haupungui siku moja," akasema. "Wewe je? Yule samaki wa tatu, hukumwona?"

"Nilimwona."

"Ulimwonaje?"

"Niliona ni mdogo."

"Ukasemaje?"

Alilijua jibu kama mimi.

"Mashallah," akasema mwenyewe. "Na wateja wangu nao ndivyo walivyokuwa. Mtu anavaa kanzu, anajitazama kiooni, mashallah fundi, Mungu akuweke. Anatoka, harudi tena. Wakatoka mmoja mmoja, watu niliowashonea na baba zao. Nikafunga duka. Nilidhani ni hizi kanzu za kontena, zinazokuja zimeshashonwa, zimewapendeza." Akanigeukia kikamilifu, mara ya kwanza tangu tuingie garini. "Nikuulize, na unijibu kweli. Kanzu yako ya harusi. Nilikushonea mimi."

"Ndiyo, baba."

"Ilikuwa fupi?"

Nilishika usukani. Foleni ilikuwa haiendi popote.

"Ilikuwa fupi, baba."

"Kiasi gani?"

"Vidole vinne juu ya kifundo."

"Na ukaivaa."

"Nikaivaa."

"Na mke wangu, mama yao, aliona?"

"Wote waliona."

Akageuza uso dirishani. Mikono yake alikuwa ameifunika kwa kofia. Nilidhani amemaliza, nikaanza kusogeza gari.

"Ningenunua utepe," akasema. "Mmoja wenu tu angeniambia, ningenunua utepe."